Tana River ya barafu: ule mto mwingine, na mbona samaki wake hawavuliwi

Ilianza na skrinshoti. Binamu yangu alitupia kwenye grupu la familia picha ya mto umeganda wote mweupe, juu yake maandishi ya Kiingereza kwamba uvuvi wa Tana River umefungwa, na kabla mtu hajauliza imetoka wapi mjomba wetu wa Garsen, kando ya Tana ya Kenya, ashatuma voisinoti ya dakika mbili anauliza hiyo amri ni ya nani, ya kaunti ama ya serikali kuu, na kama wametoa wao wanafikiri sisi tutakula nini. Shangazi akajibu ni hii hali ya hewa imeharibika, sasa hata barafu imeshuka Hola. Mwingine akasema picha ni ya kompyuta. Nilicheka peke yangu kwenye matatu mpaka kondakta akaniangalia, lakini nilipofika nyumbani nikakaa chini nikasoma, na nikaendelea kusoma usiku kucha, kwa sababu kumbe mto wenyewe upo, marufuku ipo, na picha ni ya kweli. Ila sio kwetu.

Tuanze na majina maana ndiyo yanayochanganya. Ukigugo Tana utapata tatu kubwa. Ya kwanza ni yetu, mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, unatoka Aberdare na Mlima Kenya ukaishia Bahari ya Hindi pale Kipini. Ya pili ni Ziwa Tana la Ethiopia, Nile ya Buluu inapotokea. Ya tatu ndiyo hii ya skrinshoti, mto ulioko kaskazini kabisa ya Ulaya, kwenye mpaka wa Norwe na Finland. (Na wenyeji wa Antananarivo kule Madagaska nao wanauita mji wao Tana kwa kifupi, lakini tusizidi kujichanganya.) Hazina uhusiano wowote, ni bahati ya sauti tu. Wenyeji wa huu wa barafu ni watu wanaoitwa Wasami, na kwa Kisami mto unaitwa Deatnu, jina linalotokana na neno la mto mkubwa. Wanorwe walipolivuta kwenye ulimi wao likawa Tana, Wafini wakasema Teno. Mimi nitasema Deatnu kuanzia hapa ili mjomba asipate presha tena.

Sasa maneno mawili matatu kabla hatujaingia mtoni. Aktiki ni ile sehemu ya juu kabisa ya dunia kuizunguka ncha ya kaskazini, na kwa hesabu ya kawaida inaanzia digrii 66 na nusu hivi kutoka ikweta. Deatnu uko karibu digrii 70, yaani ndani ya Aktiki kabisa. Ukivuka mstari huo jambo moja linabadilika, jua linaacha kufuata ratiba. Chukua chungwa, litoboe na kijiti katikati, liinamishe kidogo mbele ya taa halafu lizungushe, utaona kuna sehemu ya juu inayobaki kwenye mwanga hata ukizungusha vipi, na ukiliinamisha upande wa pili sehemu ileile inabaki gizani. Basi ndivyo. Kwenye kijiji cha Utsjoki, ambacho kiko ukingoni mwa mto huu, jua halizami kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, na halichomozi kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Sio kwamba kunakuwa na giza totoro saa zote 24, mchana kunapiga weupe wa bluu kama wetu wa alfajiri adhana ikiisha, halafu giza linarudi. Lakini jua lenyewe hulioni wiki kama saba.

Tundra ni nchi ambayo kiangazi chake ni kifupi na baridi kiasi kwamba miti haiwezi kukua, inabaki nyasi, kuvu, vichaka vya kufika kwenye kifundo cha mguu na mawe. Watu wengi wanadhani tundra ni theluji tupu. Hapana, tundra ni ardhi, theluji ni nguo yake ya msimu. Na hapa lazima niwe mkweli, bonde lenyewe la Deatnu chini kabisa lina miti, miti myembamba yenye gome jeupe ambayo Wasami wanaiita soahki, lakini ukipanda kutoka mtoni mwendo wa saa moja tu miti inakuwa mifupi, inapinda, inakwisha, unatokea kwenye vilima vipara ambavyo ni tundra hasa, na ukielekea baharini hivyo vipara vinashuka vinakukuta chini. Kwa hiyo mto unapita kama mtaro wenye kijani ndani ya nchi tupu.

Neno la mwisho ni ardhi iliyoganda ya kudumu, udongo ambao haujayeyuka mwaka hadi mwaka. Ile friza ya duka la nyama ambayo haijawahi kuzimwa, ukichimba juu unapata barafu laini na chini ni jiwe. Kwenye bonde la Deatnu haiko kila mahali, iko kwa madoa, hasa kwenye madimbwi ya mboji ambako inatengeneza vilima vidogo vyenye moyo wa barafu ndani. Siku hizi vile vilima vinaporomoka kimoja kimoja kwa sababu friza imeanza kukatika umeme.

Haya, mto. Unaundwa na mito miwili inayokutana ndani ndani huko bara, mmoja unaitwa Anárjohka na mwingine Kárášjohka (johka ni mto wa kawaida kwa Kisami, kama vile sisi tunavyotofautisha mto na kijito). Ukihesabu kutoka vyanzo vya mbali unapata zaidi ya kilomita 330, yaani theluthi ya Tana yetu. Unateremka kwenda kaskazini, kitu ambacho kwetu tunakiona cha ajabu sijui kwa nini, maji yanafuata mteremko hayafuati ramani, unapita maporomoko kama ya Alaköngäs ambapo maji yanachemka kwenye mawe kilomita kadhaa, halafu unatulia, unapanuka, unakuwa mto wa mchanga. Mchanga mwingi! Fungu za mchanga zinahama kila mwaka, leo mashua inapita hapa, mwakani hapapitiki, na hilo mtu yeyote wa delta yetu analielewa bila kuchorewa. Mwisho unaingia kwenye ghuba ndefu ya Tanafjord halafu Bahari ya Barents.

Ajabu ni kwamba mto unaganda na bahari haigandi. Mto unafungwa na barafu kama miezi sita, watu wanavuka juu yake kwa pikipiki za theluji, lakini bahari ya upande ule inabaki wazi kwa sababu kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki unapanda kuizunguka Norwe yote. Bara ndiko baridi inakoua. Karasjok, mji ulioko kwenye ule mto wa Kárášjohka, ndio unashikilia rekodi ya baridi ya Norwe nzima, digrii 51.4 chini ya sifuri, tarehe 1 Januari 1886. Na Julai 2021 kituo cha Kevo hapo Utsjoki kilipima digrii 33.6 za joto. Joto la Mombasa hilo, bonde lilelile. Mwezi Mei barafu inapovunjika ndio sikukuu ya macho, mapande makubwa kama magari yanasukumana, yanapanda juu ya kingo, yanang'oa miti, watu wanatoka nje kuangalia na kusikiliza.

Mtu anaweza kuuliza hayo yote yanatuhusu nini sisi, ni mto wa baridi wenye samaki. Mimi naona shida yetu, na ya watu wengi, ni kwamba tunauangalia kwenye ramani na kwenye ramani ule ni mpaka tu, mstari wa bluu kati ya rangi mbili. Kwa watu wa pale ni kinyume kabisa, mto ndio katikati ya nchi, ni barabara, ni mtaa, na nchi mbili ndizo zimekuja kukaa pembeni.

Mpaka wenyewe ulichorwa 1751 na wafalme wa mbali, Denmark na Norwe upande mmoja na Sweden upande wa pili, wakati huo Finland ikiwa chini ya Sweden. Kwa bahati waliandika kiambatisho kinachowaruhusu Wasami kuendelea kuvuka na mifugo yao kama kawaida, maana hata wao waliona kuwa huwezi kumwambia mfugaji malisho ya kiangazi yako ng'ambo na wewe usiende. Miaka mia moja baadaye, 1852, mpaka ukafungwa kwa wafugaji, na watu wakajikuta koo moja iko nchi mbili. Hadithi hiyo ya ukoo mmoja kukatwa na rula ya wazungu ukimsimulia Mmasai au Msomali hatakuuliza maana.

Na kwa sababu mpaka unafuata mkondo wa kina zaidi wa mto, na mto ni wa mchanga, mpaka unahama! Kila baada ya miaka kama 25 wapimaji wa nchi zote mbili wanakuja kupima upya kina kiko wapi, na kisiwa kinaweza kulala Kifini kikaamka Kinorwe bila kusogea hata hatua moja. Halafu kuna saa. Finland iko saa moja mbele ya Norwe, kwa hiyo pale Utsjoki ambapo kuna daraja la kuunganisha nchi mbili lililofunguliwa 1993, ukivuka kwenda Norwe umepata saa moja ya bure na ukirudi umeilipa. Mtu anaweza kusherehekea mwaka mpya mara mbili kwa kutembea tu. Na jambo lililonifurahisha zaidi, wakati wa kiangazi saa ya Utsjoki na saa ya Garsen ni ileile, sawasawa kabisa, kwa hiyo mjomba akila chakula cha mchana saa saba na mvuvi wa Deatnu naye ni saa yake ya kula.

Wasami ni nani. Ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya Norwe, Sweden, Finland na kipande cha Urusi. Sio Waeskimo, na hilo jina la Eskimo lenyewe siku hizi watu wa Grinlandi na Kanada wengi hawalitaki. Hawajawahi kuishi kwenye vibanda vya barafu, nyumba zao za zamani zilikuwa mahema na vibanda vya miti vilivyofunikwa udongo na majani, siku hizi ni nyumba za mbao zenye intaneti nzuri kuliko yangu. Vitabu vya zamani vinawaita Walapi, hilo ni jina la wageni na wao wanaliona la dharau, liache. Na sio kila Msami anafuga reindia, yule kulungu mwenye pembe tunayemuona kwenye kadi za Krismasi. Wengi hawafugi. Watu wa Deatnu hasa ni watu wa samaki, na ng'ombe wachache, na kijishamba cha nyasi. Utsjoki ina watu kama 1,200 tu na ndiyo manispaa pekee ya Finland ambayo Wasami ni wengi kuliko Wafini.

Samaki mwenyewe ni samoni. Huyu anazaliwa kwenye maji baridi, anakaa mtoni miaka mitatu, minne, mitano akiwa mdogo kama kidole, halafu siku moja mwili unabadilika, anakuwa wa fedha, anashuka baharini, anakula huko mwaka mmoja mpaka minne, na akishakuwa dume la mtu anarudi. Harudi mto wowote. Anarudi mtoni kwao, na sio mtoni tu, kwenye tawi lilelile alilozaliwa, na wataalamu wanasema sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na pua. Ni kama umetoka Kisauni ukiwa na miaka mitano umerudi na thelathini, ukishuka tu kwenye gari unafuata harufu ya mahamri mpaka mlangoni kwa bibi. Kwa sababu hiyo Deatnu hauna samoni wa aina moja, una kama koo 30 tofauti za samoni, kila tawi na ukoo wake. Hili likumbuke, litarudi.

Na ni wakubwa. Samoni wa Atlantiki mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa fimbo, kilo 36, alitoka mto huu mwaka 1928. Kilo 36 ni mtoto wa darasa la tano na begi lake.

Sasa lugha. Umeshasikia watu wanasema sijui watu wa baridi wana majina mia ya theluji, inasemwa kama maajabu fulani. Kisami kina maneno mengi ya theluji ndiyo, na ya samoni pia, yule mdogo aliyekaa bahari mwaka mmoja tu anaitwa diddi, dume kubwa lenye taya la ndoano ni goadjin, jike ni duovvi, na wengine wana majina ya misimu na hali. Lakini hakuna maajabu hapo. Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, tunda moja tu hilo, na mtu wa bara akikuuliza mbona mnajisumbua utamshangaa, kwani ukimtuma mtoto dafu akakuletea koroma umekunywa nini? Neno linazaliwa pale ambapo kukosea kuna gharama.

Na namna ya kuvua, hii ndiyo ilinifanya nimpigie mjomba simu usiku. Wana kitu kinaitwa buođđu. Wanapanga vijiti na matawi kutoka ukingoni kuingia majini kama ukuta, samoni anapopanda mto anakutana na ukuta, anaufuata akitafuta njia, mwisho wa ukuta kuna wavu. Nikamsomea maelezo, mjomba akanyamaza kidogo akasema, "Si uzio huo?" Ndio mjomba, ni uzio, ni wando wa kwetu kabisa, tofauti ni kwamba wetu unategemea maji kupwa na wao wanategemea samaki mwenye haraka. Aina nyingine inaitwa golgadeapmi, mashua inateremka na mkondo ikiwa imeshika ncha moja ya wavu na ncha ya pili iko kwenye boya, unashuka nao taratibu usiku ambao sio usiku kwa sababu jua liko juu. Mashua zenyewe ni ndefu nyembamba za mbao, na zamani kwenye maporomoko walikuwa wanapanda kwa pondo, mtu amesimama nyuma anasukuma chini, vilevile.

Kuna na upande wa mambo ya wazee, na hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya wamisionari, kila kitu cha maana huko kilikuwa na mwenyewe. Maji yalikuwa na Čáhceolmmái, maana yake mtu wa maji, ndiye anayeleta samaki kwenye wavu au kuwakataza. Kulikuwa na sieidi, jiwe lenye umbo lisilo la kawaida, mara nyingi karibu na maji au njia ya reindia, unalipaka mafuta ya samaki au unaliachia sehemu ya mavuno, sawa na mizimu ya kwetu yenye kitambaa na ubani chini ya mbuyu. Vilima vitatu vya bonde hili vina jina moja, Ailigas, neno lenye asili ya "takatifu". Watoto waliambiwa wasisogelee ukingo peke yao kwa sababu ya čáhcerávga, zimwi linalokaa chini ya maji linavuta watoto, na sisi tuliolelewa karibu na mto tuliambiwa hayohayo tu kwa jina lingine, tofauti yetu ni kwamba zimwi letu lina meno ya kweli na magamba. Zile taa za kijani zinazocheza angani majira ya baridi wanaziita guovssahasat, na mtoto anakatazwa kuzipigia mluzi wala kuzichokoza, zitakushukia. Nyimbo zao, joiki, zina kanuni nimeipenda mno, huimbi *kuhusu* mtu, unamwimba mtu mwenyewe, au kilima, au mto, yaani wimbo ndio yeye. Kanisa likaja likaziita dhambi na watu wakazificha miaka mingi.

Na ngoma. Mganga wa Kisami anaitwa noaidi, na chombo chake kilikuwa ngoma ya mkono yenye michoro iliyopakwa rangi nyekundu ya gome la mti, jua, reindia, mashua, miungu. Mwaka 1691 huko Varanger, jirani na Deatnu, mzee mmoja jina lake Anders Poulsen alinyang'anywa ngoma yake na serikali ya Denmark-Norwe, akapelekwa mahakamani Vadsø mwaka 1692 kwa kesi ya uchawi. Mahakamani aliulizwa kila mchoro una maana gani, akaeleza, karani akaandika, kwa hiyo kejeli ya historia ni kwamba maelezo bora tuliyonayo kuhusu ngoma hizo yametoka kwenye faili la waliotaka kumuua. Kabla hukumu haijatoka aliuawa kwa shoka akiwa kizuizini. Ngoma ikapelekwa Copenhagen, ikakaa huko karne na karne, ikarudi Karasjok kwa mkopo tu mwaka 1979, fikiria, mtu anakukopesha ngoma ya babu yako, na mwaka 2022 ndio ikakabidhiwa rasmi kuwa mali ya Wasami.

Hapa ndipo niliacha kucheka na skrinshoti. Bibi yangu mzaa mama ni Mpokomo, na Wapokomo wa Tana yetu walikuwa na ngoma yao, Ngadji, ngoma kubwa takatifu ambayo sauti yake ilikuwa ndiyo amri. Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20. Iko London, British Museum, stoo, mpaka naandika haya haijarudi ingawa wazee wameomba. Kwa hiyo mito miwili isiyojuana, ikweta na barafu, yote kwa Kiingereza inaitwa Tana, na yote miwili imenyang'anywa ngoma. Mmoja umerudishiwa.

Sasa turudi kwenye marufuku, ambayo ndiyo iliwasha grupu.

Ni kweli kwamba kuanzia 2021 uvuvi wa samoni wa Atlantiki ulisimamishwa Deatnu wote, Norwe na Finland, wenyeji na watalii, na zuio likarudiwa mwaka baada ya mwaka. Sababu ya moja kwa moja ni kwamba samoni wanaorudi wamepungua vibaya. Kwa nini wamepungua ndipo ugomvi unapoanza. Kuna wanaosema mto ulivuliwa kupita kiasi kwa miaka mingi. Kuna wanaosema tatizo liko baharini, maji yamepata joto na chakula kimehama. Kuna na mgeni, samoni wa waridi, mwenye kwao ni Pasifiki. Wasovieti walimpandikiza upande wa Bahari Nyeupe kuanzia miaka ya 1950 ili wapate samaki zaidi, akatulia tulia, halafu kuanzia 2017 akalipuka. Ana mzunguko wa miaka miwili kamili, kwa hiyo anakuja kwa fujo miaka isiyogawanyika kwa mbili, 2019, 2021, 2023, anazaa, anakufa hapohapo kwa maelfu, mto unanuka. Samoni wa Atlantiki wengi wanaweza kuzaa wakarudi baharini, huyu hapana, akija ndio amekuja kufa. Ukitaka kumuelewa mfikirie sangara wa Ziwa Viktoria, samaki aliyeletwa kwa nia nzuri ya ofisini.

Na zile koo 30, ndizo zinazofanya hesabu iwe ngumu. Tawi moja linaweza kuwa na samaki wa kutosha na tawi la pili limebaki tupu, lakini wote wanapitia mlango mmoja wa mto, wavu ukitupwa chini hauulizi kabila.

Upande wa pili wa ugomvi ni nani anaamua. Upande wa Norwe kuna sheria yenye mizizi ya 1888 iliyofunga haki ya wavu na shamba, ukitaka kuvua kwa wavu lazima ukae pale na shamba lako litoe angalau kilo 2,000 za nyasi kavu kwa mwaka. Inachekesha mpaka uifikirie, ilikuwa njia ya kusema samaki ni wa wanaoishi hapa sio wa wapita njia. Mwaka 2017 yakaanza kutumika makubaliano mapya ya Norwe na Finland yaliyobana sana uvuvi wa asili wa nyavu, Wasami wakasema hawakusikilizwa, na kiangazi kilekile kikundi kilichojiita Ellos Deatnu, yaani Deatnu na uishi, kikapiga hema kisiwani katikati ya mto kikatangaza kwamba hapa kanuni hizo hazifanyi kazi, mtalii akitaka kuvua aombe ruhusa kwa familia za hapa. Wengine wakavua makusudi bila leseni kwenye matawi ya upande wa Finland wakajishtaki wenyewe polisi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Finland, na Aprili 2022 wakashinda, mahakama ikasema haki yao ya kuvua mtoni kwao inalindwa na katiba kama sehemu ya utamaduni wao. Ila walishinda wakati ambapo samaki wenyewe hawavuliwi. Yaani umepewa funguo ya nyumba siku ambayo hakuna wa kumkuta ndani.

Na jambo ambalo wazee wa kule wanalirudia ni hili, ukifunga mto miaka mitano, mtoto aliyekuwa na miaka saba ana kumi na mbili hajawahi kushika golgadeapmi, hajui wavu unasikika vipi mkononi samaki akigonga, na lile neno duovvi hana pa kulitumia. Wanasayansi wanajibu kwamba samaki akiisha neno nalo halitakuwa na kazi. Mimi naona wote wako sawa na ndio maana haliishi.

Nilimueleza mjomba yote hayo, simu ikala bando langu. Akasikiliza, akaniuliza huyo samoni wanampikaje, nikamwambia wengi wanamchemsha tu na chumvi, na viazi. "Bila nazi?" Bila nazi mjomba. Akasema basi ndio maana Mungu amewapunguzia.

Kwa hiyo kwenye grupu nimeacha maelezo mafupi, nayaweka na hapa kwa faida ya wengine. Ukiona habari ya Tana River, angalia samaki, akiwa samoni ni ya huko. Angalia bei, ikitajwa kwa krona au yuro ni ya huko. Angalia mti, ule mwembamba wa gome jeupe ni wa huko. Delta usiitumie, maana zote mbili zina delta na zote mbili zimeandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, hiyo haitakusaidia. Mbu pia usiwatumie, kule kiangazi wanao mawingu mazima, ila hawana malaria. Ukiona mamba, ni yetu.